Sisimizi Walimao

Tangu utotoni tumefundishwa kwamba mwanadamu ndiye kiumbe pekee ajuaye kulima. Ng'ombe hula majani aliyoyakuta yameota, simba hula nyama aliyoikamata, bali mtu hupanda, hupalilia, hungoja, kisha huvuna. Maneno haya yanapendeza kuyasikia, lakini si kweli. Wako wadudu waliokuwa wakilima mashamba yao mamilioni ya miaka kabla mtu wa kwanza hajashika jembe. Habari zao ndizo ninazotaka kuwaeleza leo, pamoja na habari za vijana wanaochunguza maisha yao katika vyuo vikuu, maana mimi mwenyewe natafuta nafasi ya kuwa mmoja wa vijana hao.

Nilimaliza kidato cha sita katika shule hii, kisha nikaenda Makerere kusoma elimu ya viumbe, na sasa nimekwisha pata shahada yangu ya kwanza. Mwalimu wetu wa Kiswahili aliponiomba niandike machache katika gazeti hili, alinionya nisiandike "fanyeni bidii" tu, kwani kila mgeni huja kutuambia hayo. Alitaka nieleze kazi ninayoitamani ilivyo hasa, na njia ya kuifikia. Basi nitajaribu kadiri niwezavyo.

Katika bara la Amerika, tangu Texas na Louisiana mpaka Argentina, wako sisimizi waitwao wakata-majani. Ukiingia msituni utawaona wamepanga msafara mrefu, kila mmoja amejitwika kipande cha jani kilicho kikubwa kuliko mwili wake, kama mtu aliyejitwika mlango. Zamani wengi walidhani kwamba sisimizi hao huyala majani yale, au huyatumia kuezekea nyumba zao. Mwaka 1874 Mwingereza mmoja, Thomas Belt, mhandisi aliyekuwa akisimamia migodi ya dhahabu huko Nicaragua, alitoa kitabu ambamo alisema kwamba kwa maoni yake majani yale ni mbolea tu, na chakula chenyewe ni kuvu inayooteshwa juu yake. Kuvu ni jamaa moja na ukungu uotao juu ya mkate uliolala, na uyoga tuulao. Mwaka 1893 Mjerumani Alfred Möller, aliyefanya uchunguzi wake Brazil, alieleza bustani hizo kwa urefu na kuonyesha kwamba Belt alisema kweli.

Kazi ya shambani hufanywa hivi. Wakubwa hukata majani na kuyaleta nyumbani. Wadogo huyapokea, huyatafuna mpaka yawe kama ugali, huyapanga katika vyumba vilivyo chini ya ardhi, huyatilia mbolea inayotoka matumboni mwao, kisha huchukua vipande vya kuvu kutoka bustani ya zamani na kuvipanda juu yake. Wengine hupita huku na huku wakipalilia, wakiondoa kila ukungu mgeni. Kuvu nayo huwazalia vijivimbe vidogo vilivyojaa chakula, na hivyo ndivyo wanavyolishwa watoto wao. Malkia kijana anapoondoka kwenda kuanzisha mji mpya, hubeba kinywani donge dogo la kuvu ya nyumbani, kama bibi harusi aliyefungiwa mbegu na mama yake. Donge hilo likipotea au likifa, mji wake haupo. Kadhalika kuvu yenyewe haina maisha mema bila sisimizi. Kila mmoja amekuwa mateka wa mwenzake.

Mwaka 2024 Ted Schultz wa makumbusho ya Smithsonian, Washington, pamoja na wenzake, walilinganisha chembe za urithi za mamia ya aina za sisimizi na za kuvu, wakaona kwamba kilimo hiki kilianza yapata miaka milioni 66 iliyopita. Wakati ule jiwe kubwa lilianguka toka angani, jua likafichwa na vumbi, na mimea mingi ikafa pamoja na wale wanyama wakubwa waitwao dinosaria. Kuvu hula vilivyokufa, kwa hiyo siku za msiba wa wengine zilikuwa siku za neema kwake, na sisimizi walioshikamana nayo wakaokoka. Sisi binadamu tumelima kwa miaka elfu kumi na kidogo tu. Kwa sisimizi, sisi ni wanafunzi wa darasa la kwanza.

Lakini kila mkulima ajua kwamba shamba lenye zao moja huitwa na magonjwa. Kwa muda mrefu wataalamu walistaajabu kuona bustani za sisimizi zi safi, wala hawakujua sababu. Basi yuko kijana mmoja wa Canada, Cameron Currie, aliyekuwa bado akisomea shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Toronto. Alichukua vipande vya bustani huko Panama, akavitazama kwa makini, akakuta adui: kuvu nyingine, jina lake Escovopsis, inayoishambulia kuvu ya sisimizi. Tena akatazama unga mweupe ulioko juu ya miili ya sisimizi wenyewe. Watu waliomtangulia walikuwa wameuona unga ule, wakaudhania kuwa nta. Currie akaona kwamba ni bakteria hai, na kwamba bakteria wale hutengeneza dawa inayoizuia Escovopsis. Habari hizi zilichapishwa mwaka 1999. Wataalamu wangali wakibishana juu ya nguvu za adui huyo na za dawa hiyo, na ndivyo elimu inavyokwenda. Jambo ninalotaka mlishike ni hili: wazee wenye hadubini nzuri walipita juu ya unga ule, na mwanafunzi ndiye aliyesimama akauliza ni kitu gani.

Niliposoma habari hizo mara ya kwanza nilikuwa mwaka wa pili chuoni, na tangu siku ile sikutamani kazi nyingine. Hapo ndipo ilipoanza shida yangu ya nyumbani.

Baba yangu alifariki nikiwa darasa la nne. Mjomba wangu, ndugu yake mama, ndiye aliyelipa karo yangu yote kutokana na kahawa yake, na nyuma yangu wako wadogo zangu watatu wanaomtazama yeye huyo huyo. Alinitegemea niwe daktari wa watu, au walau nipate kazi mjini mara tu baada ya shahada ya kwanza, ili nimpokee mzigo. Nilipomwambia kwamba nataka miaka mingine mitano au sita ya kuchunguza sisimizi na kuvu, hakunikemea. Alinyamaza, akamaliza chai yake, akaniuliza maswali matatu. Nayaandika hapa kwa kuwa ye yote kati yenu atakayefuata njia ya elimu ya namna hii ataulizwa hayo hayo, tena na mtu mwenye haki ya kuuliza.

Swali la kwanza alisema, "Mwanangu, sisimizi hao wako Amerika. Sisi hapa hatunao. Kwa nini uache ya kwetu ukasomee wadudu wa watu?"

Nilimjibu, "Mjomba, ni kweli wakata-majani hawako Afrika. Lakini sisi tunao wakulima wetu, na kichuguu chao kiko nyuma ya banda lako la kahawa."

Hapa sina budi kuwafafanulia wasomaji. Mchwa si sisimizi, ingawa Wazungu wa zamani waliwaita sisimizi weupe. Mchwa ni jamaa wa mende. Lakini kundi moja la mchwa, lenye aina zaidi ya 300 katika Afrika na Asia, nalo lilianza kulima kuvu, bila kufundishwa na sisimizi. Mchwa hao hula vijiti na majani makavu, na kinyesi chao hukijenga kuwa sega kama ubongo wa mbuzi, na juu ya sega hilo huota kuvu iitwayo Termitomyces. Mvua zikinyesha, kuvu hiyo hutoa uyoga juu ya ardhi. Ule uyoga mdogo mweupe unaotapakaa chini kama mchele uliomwagika, ambao kwetu Buganda huitwa obutiko obubaala, ni zao la shamba la mchwa. Uyoga mkubwa kabisa wa jamaa hiyo ulipewa jina la kitaalamu mwaka 1980 kutoka Zambia, na kofia yake huweza kufika upana wa meta moja.

Tena kilimo hicho asili yake ni kwetu Afrika. Mwaka 2016 Eric Roberts na wenzake walitangaza kwamba wamekuta, katika miamba ya bonde la Rukwa, kusini magharibi mwa Tanzania, viota vya mchwa vilivyogeuka mawe, na ndani yake bustani za kuvu zikiwa bado mahali pake. Miamba hiyo ina miaka milioni 25. Shamba la kale namna hiyo liko katika nchi ya jirani, wala halikusubiri Mzungu kuleta jembe.

Mjomba alicheka. Yeye ni mtu wa ukoo wa Butiko, yaani ukoo wa uyoga, na kwa desturi zetu mtu hali kile ambacho ukoo wake umepewa jina lake. Akasema, "Basi nimekuwa nikiuheshimu mwaka hata mwaka, na sikuwa namjua mkulima wake."

Nikamwongezea habari ya pili, kwa sababu nilijua moyo wake uko kwenye udaktari. Katika nyika za Kenya na Tanzania kuna mgunga mdogo ambao miiba yake huvimba kama vibuyu. Sisimizi hutoboa vibuyu hivyo na kukaa ndani, na upepo ukipita kwenye matundu husikika mlio wa filimbi. Sisimizi hao huulinda mti usiliwe, na baadhi yao huishi pamoja na kuvu ndani ya vyumba hivyo. Mwaka 2017 wachunguzi waliofanya kazi Kenya, Mkenya Dino Martins akiwa mmoja wao, walionyesha kwamba kuvu za vyumbani humo hutofautiana kwa kadiri ya aina ya sisimizi wanaoukalia mti. Mwaka huo huo wataalamu wa Norwich, Uingereza, wa Chuo Kikuu cha East Anglia na wa kituo cha John Innes, walitangaza kwamba kutoka kwa sisimizi wa mti huo, waliochukuliwa Kenya, wamepata bakteria wa aina mpya. Walimwita Streptomyces formicae. Bakteria huyo hutengeneza dawa ambazo katika maabara ziliua vijidudu sugu vya vidonda, vile ambavyo dawa nyingi za hospitali haziviwezi tena. Bado si dawa ya kumpa mgonjwa, na huenda ikachukua miaka mingi, au isifike kabisa. Lakini sisimizi ni wa kwetu, mti ni wa kwetu, na aliyefungua chupa alikuwa Norwich. Nilimwambia mjomba kwamba simlaumu aliyefungua. Nataka tu na sisi tuwe na mikono ya kufungua.

Swali la pili lilikuwa zito zaidi. "Nani atalipa? Kahawa hii ina watoto watatu ndani yake."

Hili nilikuwa nimelitafuta jibu lake kabla sijaenda nyumbani, na nawaomba wasomaji mlisome kwa makini, maana wengi huikata tamaa njia hii kwa kudhani ni ya matajiri. Mtu akisomea shahada ya kwanza ng'ambo, aghalabu hulipa fedha nyingi. Lakini shahada ya udaktari katika sayansi ni habari nyingine. Katika vyuo vikuu vingi vya Marekani mwanafunzi wa udaktari husamehewa karo na hupewa posho ya kumtosha kula na kulala, naye kwa upande wake hufundisha wanafunzi wa chini au husaidia kazi za maabara. Nchini Denmark huandikwa kazi kabisa na kulipwa mshahara. Huko Copenhagen wako wataalamu waliojifunza sisimizi wa Panama kwa miaka mingi, akiwamo Jacobus Boomsma, na mwenzao Michael Poulsen amechunguza sana mchwa wa Afrika na kuvu yao. Panama yenyewe kina kituo cha Smithsonian kinachopokea wanafunzi wa mataifa mbalimbali, na kisiwa chake cha Barro Colorado kimehifadhiwa kwa ajili ya uchunguzi tangu mwaka 1923.

Wala si lazima kuvuka bahari. Mjini Nairobi kuna kituo kikuu cha elimu ya wadudu, ICIPE, kilichoanzishwa mwaka 1970 na Profesa Thomas Odhiambo. Bwana huyo alizaliwa Kenya mwaka 1931, akasoma hapa kwetu Makerere, kisha Cambridge, akarudi. Aliona kwamba Afrika, yenye wadudu wengi kuliko vitabu, haina mahali pa kuwafunza wataalamu wake, ndipo akapajenga. Tangu mwaka 1983 kituo hicho kina mpango wa kuwafunza Waafrika udaktari wa elimu ya wadudu, ujulikanao kwa jina la ARPPIS, kwa kushirikiana na vyuo vikuu vya Afrika. Odhiambo alifariki mwaka 2003, lakini mlango alioufungua haujafungwa.

Namna ya kuomba ni hii. Usianze na chuo, anza na mtu. Tafuta maandishi ya mwalimu anayechunguza jambo unalolipenda, uyasome mpaka uyaelewe, kisha umwandikie barua fupi. Mweleze umesoma nini, umefanya kazi gani kwa mikono yako, na swali gani linakusumbua. Usimsifu mno, wala usimlilie umaskini wako. Atakayekuwa na nafasi na fedha atakuuliza zaidi, na asiye nazo aghalabu hatajibu, nawe usikasirike. Mimi niliandika barua nane. Tano hazikujibiwa. Wawili walisema kwa upole kwamba mwaka huu hawana fedha. Mmoja ameniagiza nimwandikie mpango wa uchunguzi wa kurasa mbili, nami nimeupeleka, na ninangoja.

Pengine mtauliza niliandika nini katika kurasa hizo mbili. Katika mwaka wangu wa mwisho nilichimba vichuguu vitatu katika shamba la chuo huko Kabanyolo. Kazi hiyo si ya kuvaa shati jeupe. Udongo wa kichuguu ni mgumu kama saruji, askari wa mchwa huuma mpaka damu itoke, na ukiisha kulifikia sega ni lazima uliinue kwa vidole viwili kama yai, maana huvunjika upesi. Ndani yake mna joto na unyevu, na harufu nzuri ya uyoga. Juu ya sega kuna vidonge vyeupe vidogo kama vichwa vya pini, navyo ndivyo chakula cha mchwa. Sega lile lilikuwa safi kabisa. Kwa macho yangu sikuona ukungu mwingine wo wote. Nililigawa mafungu mawili. Fungu moja niliweka katika sanduku pamoja na mchwa wake, na fungu la pili niliwaondoa mchwa wote.

Kwa siku mbili hapakuwa na tofauti. Siku ya nne sega lisilo na mchwa lilianza kuota nyuzi ngeni, na baada ya juma moja lilikuwa limejaa vijiti vyeusi vya kuvu nyingine iitwayo Xylaria, hata ile ya kwanza huioni tena. Sega lenye mchwa lilikuwa bado safi. Wataalamu walikwisha jua jambo hilo kabla yangu, nami sikugundua neno. Lakini kulijua kitabuni ni kitu kimoja, na kuliona mezani pako ni kitu kingine. Xylaria ilikuwamo ndani ya sega tangu mwanzo, imelala, ikingoja mkulima aondoke. Mchwa wanafanya nini hata ilale? Je, ni palizi ya vinywa vyao, au hewa ya chumba, au bakteria wa matumboni mwao wenye dawa kama ile ya Panama na ile ya Norwich? Na je, mchwa wa Kabanyolo hufanya sawasawa na mchwa wa nyuma ya banda la mjomba, ambao aina yao ni nyingine? Hilo ndilo swali langu, na kurasa zangu mbili zilikuwa juu yake.

Swali la tatu la mjomba lilikuwa fupi. "Na baadaye?"

Hapa sikutaka kumdanganya, wala ninyi sitawadanganya. Hakuna ofisi katika wilaya yetu iliyoandikwa mlangoni "Anatakiwa Mtaalamu wa Kuvu za Mchwa." Kazi za namna hiyo ni chache, na wengine waliosoma sana wamekaa muda mrefu wakisubiri. Lakini anayejua kuotesha kuvu, kuwatambua wadudu, kusoma chembe za urithi, na kufanya hesabu za uchunguzi, anafaa katika maabara za hospitali, katika idara za kilimo zinazopigana na wadudu wa mahindi na magonjwa ya kahawa, katika kilimo cha uyoga, na katika vyuo vinavyohitaji walimu. Nilimpa pia mfano wa Mkenya Douglas Kamaru. Alipokuwa mwanafunzi wa udaktari katika Chuo Kikuu cha Wyoming, alichunguza ule ule mgunga wa filimbi huko Laikipia. Sisimizi wageni wenye vichwa vikubwa wamevamia nyika zile na kuwaua sisimizi walinzi wa mti. Mti ukikosa walinzi, tembo huuvunja mara tano hadi saba zaidi kuliko kwanza. Miti ikipungua, simba hukosa pa kujificha, hawawapati punda milia kama zamani, na wamegeukia nyati. Habari hiyo ilichapishwa Januari 2024 katika gazeti kubwa la sayansi la Marekani, na jina la Kamaru likiwa la kwanza. Sisimizi mdogo amebadili chakula cha simba, na mtu aliyetuonyesha hayo ni kijana wa jirani zetu.

Mjomba aliwaza kwa muda. Mwisho alisema, "Mimi nalima kahawa, najua kwamba mche hauzai mwaka wa kwanza. Lakini najua vilevile kwamba mwenye watoto hawezi kupanda miche tu. Nakupa mpaka mavuno ya mwaka ujao. Ukipata mtu wa kukulipia, nenda na baraka zangu. Usipopata, utafundisha shule, nasi tutasaidiana karo ya wadogo zako." Nilimshukuru kwa magoti, kama ipasavyo. Ni maneno ya haki, na sina la kuongeza juu yake. Siku hizi nafundisha biolojia kwa muda katika shule moja ya wilaya yetu, nusu ya mshahara wangu ni karo ya mdogo wangu wa kwanza, na mwisho wa juma huenda kwenye vichuguu na daftari langu.

Sasa ninyi mlio bado hapa shuleni, hasa wa kidato cha tatu na cha nne mnaochagua masomo, nawaachia maneno machache. Msiiache kemia kwa kuiona ngumu, maana dawa ya sisimizi haisomeki bila kemia. Msiidharau hesabu, maana mwenye kuhesabu mchwa elfu moja ni lazima ajue hesabu hiyo inasema nini. Jifunzeni Kiingereza mpate kusoma vitabu, na Kiswahili mpate kuzungumza na mzee wa Laikipia au wa Rukwa atakayewaonyesha mahali. Tena wekeni daftari. Kumbikumbi wakiruka, andikeni tarehe, saa, na kama mvua ilinyesha siku iliyotangulia. Uyoga ukiota, andikeni umeota wapi na jina wanaloliita bibi zenu, maana bibi hao wanajua mambo ambayo hayajaandikwa katika kitabu cho chote, na wanaondoka nayo mmoja mmoja.

Nyuma ya bweni la wavulana, upande wa uwanja wa mpira, kuna kichuguu kikubwa. Wakati wangu tulikuwa tukikikalia kutazama mchezo. Mvua za mwezi wa nne zitakapoanza, mmoja wenu aende asubuhi na mapema, apige magoti, atazame kinachoota pale chini. Akiona jambo asilolifahamu, asipite. Aliandike, kisha aniletee swali lake kwa anwani ya gazeti hili, nami nitamjibu nikiwa hapa au nikiwa ng'ambo. Mdharau kidogo hapati kikubwa.